Siku moja ya ndege kwa gari: kutoka Kilifi hadi Sabaki, kisha Mida maji yakijaa

Mara ya kwanza nilipokwenda Mida, hori lenye mikoko karibu na Watamu, kutazama ndege nilifika saa 5 asubuhi, jua kali, darubini mpya shingoni. Maji yalikuwa yamepwa. Tope lilitandaa mpaka kwenye mikoko ya ng'ambo, na huko mwisho wa macho palikuwa na vidoa vingi vikitembeatembea. Hao ndio ndege wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa akipanda kutoka horini na ndoo ya chambo alinitazama, akaitazama darubini, akasema: "Mwanangu, umekuja na maji makavu. Wako kule wanakula. Rudi alasiri, maji yatawasukuma waje huku." Nilirudi saa 9 na nusu. Wale waliokuwa vidoa asubuhi sasa walikuwa hatua hamsini kutoka niliposimama, nikiona hata rangi ya miguu.

Tangu siku hiyo sipangi safari kwa saa ya ukutani. Ndege wa maji huwafuati kwa gari, unayafuata maji. Ndege mbuai, yaani mwewe, tai, kozi na jamaa zao, wao wanafuata jua na hewa inayopanda. Ukizijua saa hizo mbili, njia ya Kilifi hadi Malindi, ambayo ni kama kilomita 60 tu, inakupa siku nzima ya kazi.

Chagua msimu kwanza

Ndege wengi wa topeni ni wageni. Wanazaliana kaskazini ya mbali, wengine kwenye tundra ya Siberia, na huanza kufika kwetu Agosti na Septemba, kusi likielekea kuisha. Wanakaa kaskazi lote na kuondoka Aprili. Kuna kitwitwi mmoja (vitwitwi ni hao wadogo wa topeni), Calidris ferruginea, mwenye mdomo uliopinda chini kidogo. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani yai la kuku, na kutoka anakotagia mpaka Mida ni zaidi ya kilomita 8,000.

Kwa anayeanza, Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya kwenda. Ila mimi naipenda zaidi wiki ya mwisho ya Machi na mwanzo wa Aprili, kabla masika hayajashika. Wakati huo vitwitwi waliokuwa wa kijivu miezi yote wanabadilisha manyoya. Huyo wa gramu 60 anakuwa mwekundu kama tofali, na wale wenye vichwa vya mviringo na midomo mifupi, Charadrius katika vitabu vingi, wanavaa kifua cha rangi ya chungwa. Ndege uliyeshindwa kumtambua Desemba anajitambulisha mwenyewe.

Kusi nako si kutupu. Ndege wa Siberia wakishaondoka, Sabaki, mlango wa mto ulio kaskazini mwa Malindi, hupokea mgeni wa upande wa pili: Glareola ocularis kutoka Madagaska, mfupi wa miguu, mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, anayekamata wadudu hewani. Huonekana kati ya Aprili na Septemba. Mwezi wa Agosti mtu akikwambia Sabaki hakuna kitu, muulize kama alitazama kwenye mchanga mkavu, maana hulala chini kwa makundi na rangi yao ni ya mchanga wenyewe.

Kisha chagua siku kwa mwezi

Wavuvi hawahitaji jedwali, nawe unaweza kuanza kama wao. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu ni tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, siku moja mbele au nyuma. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Uzuri wa pwani yetu ni kwamba bamvua ina saa zake. Maji hupwa kabisa karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na kujaa karibu saa 10 hadi saa 11 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa asubuhi, hupwa jioni. Kabla ya kuondoka hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kwani Malindi haipishani nalo kwa mengi.

Kwa safari hii chukua siku ya bamvua, au siku moja mbili baada yake. Asubuhi maji yakiwa makavu unatembea Sabaki bila kuzungukwa na maji, na alasiri yakijaa uko Mida. Ukilazimika kwenda siku ya maji mafu, geuza ratiba, anza na Mida. Lakini usitegemee ndege wasukumwe karibu, kwa sababu maji yenyewe hayana nguvu ya kulifunika tope lote.

Vitu vya kubeba

Darubini ya mkono ya 8x42, yaani inayovuta mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inatosha kwa mtu mmoja. Ya 10x42 inavuta zaidi, lakini ndani ya gari na kwenye upepo inatikisika. Kama kuna mwenzenu mwenye darubini kubwa ya kusimamishwa kwa stendi ya miguu mitatu, mbebeeni hata chakula chake ili aje, maana Sabaki na Mida bila hiyo utakuwa unabahatisha nusu ya ndege.

Miguuni vaa viatu vya plastiki vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Makubadhi yatabaki topeni, nimeshuhudia jozi mbili. Beba maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, kofia, shati la mikono mirefu lisilo jeupe, na lita nyingine tano za maji ya bomba za kuoshea. Chukua pia mfuko mdogo wa nguo wenye kilo moja ya maharage: ukiulaza kwenye dirisha la gari na kuegemeza darubini au kamera juu yake, mkono unatulia kabisa.

Saa 12 asubuhi: Kilifi hadi Gede

Kabla ya kuondoka kubalianeni jambo moja. Dereva haangalii ndege. Barabara hii ina matatu na malori ya usiku yanayomalizia safari, na dereva anayechungulia angani ni hatari kuliko mamba. Anayekaa mbele kushoto ndiye macho ya gari. Akisema "simama", dereva hasimami. Anatafuta nafasi ya kutoka kabisa kwenye lami ndipo asimame.

Na darajani Kilifi msisimame kabisa, hata mkiona nini. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 1991 likachukua kazi ya feri, na watu wenye darubini juu ya daraja huulizwa maswali. Mkitaka kulitazama hori la Kilifi, shukeni hadi ufukoni.

Asubuhi hii mnatafuta mbuai waliotua. Hewa bado ni ya baridi, haijaanza kupanda, na ndege mwenye mabawa mapana hapotezi nguvu kupiga mabawa bure. Anakaa. Tazameni vilele vya miti mikavu, mibuyu, nguzo za umeme na waya. Juu ya waya na mashamba ya wazi mtakutana na Elanus caeruleus, mdogo, mweupe na kijivu, bega jeusi, jicho jekundu, ambaye akiwinda husimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja. Mwewe wa kawaida mnamjua tangu mlipokuwa mkichunga vifaranga: kahawia, mkia wenye panda, na akiruka anauzungusha ule mkia kama usukani. Mjifunzeni vizuri huyu mmoja, maana ndiye kipimo. Kila mbuai mwingine mtajiuliza: ni mkubwa kuliko mwewe? Mkia una panda? Mabawa yamekunjika wapi?

Baada ya Matsangoni mkono wa kushoto unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420. Watu huuendea kwa bundi na ndege wadogo wa ndani, lakini kwa siku hii sisi tunataka ukingo wake tu. Geukeni kwenye kijia cha vumbi kinachopakana na msitu, zimeni injini, fungueni madirisha. Gari lililozimwa ni kibanda kizuri cha kujifichia. Mkishuka na kufunga milango kwa kishindo mmejiharibia. Kaeni dakika 20. Hapa ndipo pa kumngoja Circaetus fasciolatus, tai mla nyoka mwenye kichwa kikubwa na tumbo lenye mistari. Hutua kwenye tawi lililo wazi pembeni mwa msitu na kutazama chini muda mrefu bila kusogea. Usipomwona, usisikitike. Mimi nimemkosa mara nyingi kuliko nilivyompata.

Saa 3 na nusu: Sabaki

Mpite Malindi bila kusimama, chai mtakunywa baadaye. Kilomita chache kaskazini mwa mji mtavuka daraja la mto Sabaki. Huu ni mto ule ule unaoitwa Athi huko bara na Galana katikati. Unashuka na udongo mwingi kiasi kwamba bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa wakati wa mvua. Udongo huo huo ndio uliojenga matope na mafungu ya mchanga ambayo ndege wanayajia.

Geukeni kulia baada ya daraja, acheni gari kijijini, mtafute kijana wa kuwaongoza na mkubaliane malipo kabla. Hili si la adabu tu. Sabaki ina viboko, ambao mchana hukaa majini na kwenye matete, na ina mamba. Wenyeji wanajua leo wamelala wapi. Msipite kwenye matete kwa njia ya mkato, wala msivuke mkono wa mto hata kama unaonekana wa magotini.

Kosa la wengi hapa ni jua. Asubuhi linatoka baharini, nawe unatembea kuelekea baharini, kwa hiyo kila ndege ni kivuli cheusi. Dawa ni kuzunguka kwa mbali, kufika karibu na ufuko, kisha kugeuka na kutazama bara. Ghafla rangi zinarudi.

Anzeni na wakubwa. Heroe wanajulikana kwa miguu na shingo. Mwari hukaa kwa vikundi kwenye fungu la mchanga. Shakwe ni wale wanene wenye mabawa mapana, na membe, kwa jinsi ninavyoyagawa mimi majina haya ambayo pwani huchanganywa, ni wale wembamba wenye mikia ya panda na midomo kama sindano. Mtazameni membe mdomo: wa chungwa au wa manjano kwa jamii mbili zinazofanana sana, mwekundu mnene kama karoti kwa Hydroprogne caspia, mkubwa kuliko wote.

Halafu sululu. Ukijua chombo cha kuchimbia umeshamjua ndege: mdomo mrefu uliopinda chini. Wako wa aina mbili. Mdogo ana mistari ya giza kichwani, kama aliyesuka. Mkubwa hana, na mdomo wake ni mrefu mpaka unashangaa anavyoubeba.

Kwa vitwitwi wadogo msikimbilie rangi. Tazameni mwendo. Anayekimbia hatua tatu, akasimama, akadonoa, ni wa jamii ya mdomo mfupi anayewinda kwa macho. Anayechoma tope mfululizo kama cherehani anawinda kwa kupapasa na mdomo. Anayekimbia ovyo, amejiinamia kama aliyechelewa matatu, mdomo umepinda juu na miguu ya manjano, ni Xenus cinereus, naye hana wa kumfananisha naye.

Na mbuai? Msiwatafute. Waacheni vitwitwi wawatafutie. Siku moja nilikuwa nahesabu kundi kwa kumi kumi, nimefika mia nne na ushee, mara wote wakakaa kimya. Kelele zilikatika kwanza. Kisha vichwa viliinama upande, jicho moja likitazama juu. Sekunde mbili baadaye kundi zima liliruka pamoja, likajikunja kama shuka linalokung'utwa, jeupe, kijivu, jeupe, na kozi mmoja akapita katikati yake kwa kasi ambayo darubini haikuipata. Alikosa. Akapanda kuelekea Mambrui bila kugeuka. Tangu hapo ndege wakinyamaza mimi natazama juu.

Wakiruka wote, soma jinsi walivyoruka. Wakijikusanya wakawa donge linalogeukageuka, ni kozi. Wakiinuka kidogo wakatua tena, ni mwewe tu anapita, au ni Circus aeruginosus, mgeni wa kaskazi anayeruka chini juu ya nyasi, mabawa ameyainua kama herufi V, akiyumba polepole. Wasipojali kabisa huku kitu kikubwa kinapita juu yao, basi ni mla samaki.

Walaji samaki wako wawili. Wa kwanza ni tai wetu wa mwaka mzima, ambaye watu humwita furukombe au kwazi: kichwa na kifua vyeupe, tumbo rangi ya hudhurungi, mabawa meusi, na sauti inayosikika ng'ambo ya mto, kichwa amekirusha nyuma. Wa pili ni Pandion haliaetus, mgeni kutoka Ulaya na Asia, mweupe upande wa chini, mstari mweusi ukipita jichoni, mabawa marefu yaliyokunjika kwenye kiwiko kama herufi M. Wetu huokota samaki juujuu ya maji. Mgeni husimama hewani, kisha hujitupa miguu mbele mpaka azame. Akiibuka hujikung'uta kama mbwa, na humbeba samaki kichwa kikitangulia.

Kuanzia saa 4 hewa inapanda. Kila dakika kumi inueni macho mwendeshe darubini taratibu kwenye kingo za mawingu, siyo kwenye buluu tupu ambako jicho halina pa kushika. Novemba na Desemba, mvua ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, huenda mkaona makozi wadogo wengi wakila angani. Falco amurensis huja kutoka Asia ya mashariki kwa kupitia India na kuvuka bahari.

Mchana

Kula Malindi, lala kidogo. Kati ya saa 6 na saa 8 joto hulifanya tope lichemke machoni, na hakuna darubini inayotibu hilo. Wenye hamu husonga kaskazini hadi mabwawa ya chumvi ya upande wa Gongoni, ambako heroe na vitwitwi hukusanyika. Lakini ni maeneo ya watu: omba ruhusa langoni, ukikataliwa geuza gari.

Saa 8 na nusu: Mida

Rudini kusini, mpite Gede, mwingie Mida upande wa barabara kuu. Kuna njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba kupita ndani ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa jirani kupitia mpango wa ASSETS ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, kwa hiyo lipeni bila kunung'unika. Msitembee wawili kwenye ubao mmoja, unayumba na wa nyuma ndiye anayelia.

Fikeni saa mbili tatu kabla ya maji kujaa. Hapo jua liko mgongoni, na kila wimbi dogo linameza mkanda mmoja wa tope. Msiwasogelee ndege, kaeni, maji yatawaleta. Saa ya mwisho ndiyo bora. Maji yakishafunika tope lote wataruka kwenda kulala kwingine, na aliyefika saa 11 akijivunia kukwepa jua atakuta bahari.

Mfalme wa Mida ni Dromas ardeola. Mweupe mwenye mgongo mweusi, urefu kama wa kunguru, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene ambao ungemfaa ndege mara mbili yake. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, na hutaga ndani ya shimo analolichimba mchangani, yai moja jeupe. Kisha huja kwetu kula kaa. Chagua mmoja umfuate dakika tano. Anatembea polepole, anasimama, shingo inaingia mabegani, halafu anakimbia hatua nne tano na kuchoma. Kaa mdogo anamezwa mzima. Mkubwa anapigwapigwa na kutikiswa mpaka miguu inang'oka mmoja mmoja. Mara nyingi nyuma yake kuna kinda lake, limeshakuwa na kimo cha mzazi lakini la kijivu, linalia likiomba. Ni ajabu: jamaa zake wengi wa topeni huwaacha wana wao wakajitegemea mapema, huyu bado analisha mpaka Mida.

Hesabu kwa kumi, kisha kwa hamsini, andika papo hapo pamoja na saa na hali ya maji. Ukiona pete au kibendera mguuni andika rangi, mguu gani, juu au chini ya goti. Orodha iingize eBird au Kenya Bird Map, mitandao ya kukusanya kumbukumbu za ndege, usiku huo huo; kesho utakuwa umesahau kama walikuwa sita au kumi na sita.

Usipige makofi ili waruke upate picha. Machi wanajaza mafuta ya safari. Na Julai hadi Septemba mkiwa Watamu, msishuke wala kukaribia Whale Island kwa mashua, membe wanatagia pale.

Msiondoke jua linapogusa mikoko. Kati ya Novemba na Aprili keremkerem wekundu huja kulala Mida: kwanza mmoja, kisha kumi, kisha mistari mirefu ikipita juu ya kibanda na kutua juu ya mikoko, na kwa dakika chache miti inaonekana kama imechanua. Baada ya hapo giza linaingia haraka.

Kwenye gari toa yale maji ya bomba. Osha miguu ya stendi kwanza, kisha viatu, mwisho miguu yako. Darubini usiipanguse kwa shati, chumvi itakwaruza vioo. Imwagie maji kidogo, iache ikauke, uifute nyumbani.